Je, wavuvi wadogo wa Tanga wanaridhika na kazi yao?

Mkazi wa Sahare ameuliza:
Ndugu zangu, wavuvi wa ngalawa na mitumbwi ninaoishi nao hapa Sahare husema kwamba hawawezi kuiacha bahari kwa ajili ya kazi ya mshahara, lakini hao hao huwakataza watoto wao kuifuata. Inakuwaje mtu aridhike na kazi asiyomtakia mwanawe?

Nahodha, Kigombe:
Ndugu yangu, hayo ni mambo mawili, na mtu anaweza kuwa nayo yote kwa wakati mmoja. Kazi yenyewe tunaipenda: hakuna anayetusimamia, tunasoma upepo na bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, kwa akili zetu, na baharia anayejua mwamba wenye samaki aina ya changu ulipo huheshimiwa hata na wazee. Kinachotuumiza ni mgao. Chombo kikirudi, kwanza hutolewa gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri mwenye chombo na nyavu na sisi tuliokwenda baharini, na katika fungu letu hukatwa deni tulilokopa wakati kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, lilipotuzuia pwani. Kwa hiyo ukimuuliza mvuvi mwezi Machi, bahari ikiwa imetulia, atakujibu tofauti na atakavyokujibu Julai, na majibu yote mawili yatakuwa ya kweli.

Mchuuzi, soko la Deep Sea:
Naafikiana na kaka nahodha, ila naomba wanawake wasisahauliwe. Maji yanapotoka wakati wa bamvua, wako akina mama wanaotafuta pweza miambani kwa miguu, na kwa kuwa hawana chombo, wengi huwahesabu kama wasaidizi tu. Hao nao ni wavuvi, na kanuni inayokataza pweza wa chini ya gramu 500 inawahusu sawasawa na wanaume. Pia, mvuvi aliyekopeshwa na mnunuzi hana uhuru wa kupeleka samaki wake mnadani. Humuuzia mdai wake kwa bei anayopangiwa. Mimi naamini hilo linamvunja moyo kuliko uchache wa samaki.

Mstaafu wa idara ya uvuvi:
Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Ningeongeza suala la baruti. Kwa miaka mingi pwani yetu ya Tanga iliteswa na mabomu yanayovunja matumbawe, na mvuvi wa mshipi au dema (mtego wa samaki), ambaye hakuwahi kurusha hata moja, ndiye aliyebaki na mwamba mtupu. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje aridhike? Mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, baada ya silikanti, samaki wa aina ya kale sana, kunaswa katika nyavu za jarife (nyavu za papa) kwenye maji ya kina. Naiunga mkono, lakini nimeona kwamba masharti hupokelewa vizuri pale ambapo wavuvi wameshirikishwa kuyapanga kupitia vikundi vyao vya usimamizi wa mwambao, na pale walipoletewa uamuzi uliokwisha kupitishwa manung'uniko hayaishi.

Mkazi wa Sahare:
Nawashukuru sana. Basi nitawauliza majirani zangu kazi, mgao na mustakabali wa watoto kama maswali matatu tofauti, na nitawauliza tena kusi likianza kuvuma. Nahodha, huko Kigombe kuna matajiri wanaosamehe deni la msimu wa kusi?