Mashine ya steshenari imechoka: nianze na RAM au SSD, na naweza kuifungua mwenyewe nyumbani?

Steshenari_Makorora

Habari za usiku wakuu, wa Tanga wenzangu na mlio mbali pia. Nina kisteshenari changu huku Makorora, nachapa mitihani ya mashule, barua, sivii, na kadi za harusi ambazo ndo zinanipa riziki zaidi. Mashine yangu ni HP EliteBook 840 G1, niliinunua ikiwa yuzdi, ni Core i5, RAM 4GB, hadidiski GB 500. Mwanzoni ilikuwa inaenda vizuri tu ila sasa hivi naiwasha asubuhi, nafagia duka, namwaga maji nje vumbi litulie, napanga karatasi, nikirudi bado kiduara kinazunguka. Juzi mwalimu kaniletea mtihani una michoro mingi ya bayolojia, nikafungua Word na brauza pamoja mashine ikaganda, mwalimu kasimama pale anaangalia saa mwisho akachukua flashi yake akaenda kwa jirani. Iliniuma sana maana ni mteja wangu tangu nafungua.

Fundi mmoja mjini kaniambia hiyo imekwisha, nimpe yeye niongeze hela anipe nyingine. Wa pili kasema ongeza RAM tu, ile kumbukumbu inayobeba kazi ulizofungua. Mdogo wangu aliyeko Dar anasema achana na RAM weka SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Mimi hela ya mashine mpya sina, na kazi za wateja za miaka minne zimo humo humo, ndo maana sitaki kuiacha kwa fundi nikalala nyumbani bila kujua inafanywa nini. Kwa hiyo naombeni mnisaidie, kipi kianze, ninunue ya aina gani, na je mtu kama mimi ambaye nimezoea kufungua printa kutoa karatasi iliyokwama naweza kufanya mwenyewe?

FundiWaSahare

Dada pole na hongera kwa kuuliza kabla ya kutoa hela. Hiyo mashine haijaisha. Na kati ya mashine nilizowahi kufungua hiyo ni katika zile rahisi, maana kava la chini la G1 lina lachi, unaisukuma kava linateleza linatoka, ndani unakuta betri, RAM na diski vyote vinaonekana. Kama umeshatoa karatasi iliyokwama kwenye printa bila kuvunja kitu basi hii utaiweza.

Ila kabla ya yote, nakusihi, kazi za wateja. Kesho asubuhi kabla hujashika bisibisi nunua au azima diski ya nje, nakili kila kitu, halafu fungua faili tatu nne kutoka kwenye ile nakala uone kweli zinafunguka. Watu wengi wanasema nina bakapu na hawajawahi kuifungua hata siku moja. Halafu shusha programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, itakuonyesha afya ya diski yako, ikikuandikia njano au nyekundu ujue uzito ule ni diski inakufa na hapo usisubiri hata wiki.

Sasa kipi kianze. Usibahatishe, mashine yenyewe itakwambia. Siku ikiwa nzito bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, tazama Memory na Disk. Diski ikiwa imekaa kwenye asilimia 100 wakati wewe hufanyi kitu cha maana, tatizo ni diski. Memory ikiwa imejaa juu ya 90, ni RAM. Na hapo hapo kwenye Memory pembeni itakuonyesha sloti ngapi zina RAM, G1 ina mbili, mara nyingi moja iko tupu. Ukimaliza rudi hapa na namba tuzione.

Baharia_Raskazone

Mimi natofautiana kidogo na fundi, RAM 4GB kwa brauza za siku hizi ni mateso, hata uweke SSD ya namna gani ukifungua kurasa kumi inajaa. Mimi ya kwangu niliongeza RAM tu ikawa nyepesi kabisa na sijagusa diski mpaka leo.

FundiWaSahare

Mkuu sipingi, ila RAM ikijaa mashine inahamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka ya mizunguko 5400 kwa dakika inasoma kama MB 100 kwa sekunde na hapo ni ikiwa inasoma faili moja kubwa lililonyooka, vifaili vidogo vidogo vilivyotawanyika inakuwa kama mtu anatafuta sindano kwenye gunia la karanga. SSD ya SATA, ile inayochomekwa pale pale pa diski ya kawaida, inafika mia tano na kitu na haina cha kuzunguka. Ndo maana kuwaka kwake kunabadilika usiku na mchana. Wewe labda diski yako ilikuwa bado nzima. Tumsubiri dada na namba zake.

MwlPongwe

Dada naomba niongeze la kwangu ili usiunguze hela kama mimi. Niliagiza RAM kwa simu kutoka Dar nikasema tu nataka 4GB ya laptopu, ikaja na basi nikaifuata stendi ya Kange nikiwa na furaha zote, nikafika nyumbani haiingii. Kumbe ni DDR4 na mashine yangu DDR3. Kile kipengele kilichokatwa kwenye meno kimekaa sehemu tofauti, na meno yenyewe DDR3 ya laptopu yako 204 na DDR4 yako 260, hata ulazimishe vipi haikubali, na ukilazimisha utavunja sloti ndo uende na mashine nzima.

Nikairudisha nikaletewa DDR3, ikaingia vizuri, mashine haikuwaka. Hapo nikajifunza somo la pili, ipo DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 na ipo DDR3L ya volti 1.35, na hizi mashine za kizazi cha nne cha prosesa za Intel zinataka hiyo yenye L. Kwenye stika utaona PC3L, ile nyingine imeandikwa PC3 tu. Herufi moja hiyo ilinila nauli mbili. Kwa hiyo toa RAM iliyomo, ipige picha stika yake, nenda dukani na picha au nenda nayo yenyewe mkononi.

Steshenari_Makorora

Ahsanteni sana jamani, Mwalimu pole na wewe. Nimefanya kama fundi alivyosema. Asubuhi ilipowaka Disk ilikuwa 100 muda wote kama robo saa hivi, Memory ilikuwa 86, nikafungua brauza ikapanda 93. Sloti imetumika moja kati ya mbili. Stika ya RAM imeandikwa 4GB PC3L-12800S. Diski imeandikwa Caution na rangi ya njano, moyo ukanipasuka, nimeshanakili kila kitu kwenye diski ya nje ya shemeji na nimefungua faili kumi na mbili zote nzima.

Nimepita duka moja barabara za Ngamiani wana SSD ya 240 na ya 480 na ya 512. Ya 480 si inatosha? Mimi nimetumia GB 130 tu. Na wana SSD nyingine nyembamba kama bazoka, muuzaji anasema ndo ya kasi zaidi.

FundiWaSahare

Hiyo ya bazoka iache, ni NVMe, inapendeza ila mashine yako si ya zama hizo. Wewe unataka ya inchi 2.5 ya SATA yenye unene wa milimita 7, inakaa pale pale ilipokuwa diski ya zamani.

Ukubwa inategemea unahamaje. Kama unataka kukloni, yaani kuhamisha Windows yote ilivyo kwa programu ya Clonezilla, basi angalia, diski ya 500 haiingii kirahisi kwenye SSD ya 480 hata kama umetumia 130 tu, kwa sababu inaangalia ukubwa wa diski nzima sio ulichojaza, inabidi kwanza upunguze patisheni, yaani vile vipande diski ilivyogawanywa. Kwenye 512 inaingia bila maneno. Lakini kwa diski iliyoandika njano mimi kukloni sikushauri, utaisulubu kusoma kila kona na unaweza kuhama na uozo wake. Piga Windows upya. Leseni yako kama ilikuwa halali imefungwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, ukiingia mtandaoni inajitambua yenyewe. Kwa kazi yako hata 240 inatosha, hela inayobaki ongeza RAM nyingine ya 4GB PC3L ziwe mbili zinazolingana, zinafanya kazi kwa pamoja na hiyo chipu ya picha ya Intel inayoazima RAM itakushukuru.

Kufungua sasa. Zima kabisa, sio kuilaza. Chomoa chaji, fungua kava, kitu cha kwanza kutoa ni betri, halafu shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi na tano hivi umeme uliobaki uishe. Shika kitu cha chuma kabla hujagusa RAM, na RAM ishike pembeni sio kwenye meno. Inaingia ikiwa imeinama, unasukuma mpaka yale meno ya dhahabu karibu yote yamezama, ndo unailaza chini mpaka vishikio viwili vya pembeni vinalia tak. Isipolia haijaingia. Diski ina skrubu zake na kishikio, zitoe taratibu, ziweke kwenye kikombe. Usifanyie juu ya mkeka wala kitandani, na feni izime huku kwetu upepo unabeba skrubu na hutoiona tena. Ukiwa humo isafishe pia feni ya mashine kwa brashi laini, ila zuia panga zake kwa kidole zisizunguke.

Steshenari_Makorora

Wakuu nimerudi. Jana Jumapili baada ya chakula nimefungua, mdogo wangu ananishikia tochi. Nimenunua SSD ya 240 na RAM ya 4GB, RAM ni yuzdi lakini ni PC3L nimehakikisha. Nikaanza na RAM peke yake kwanza nione. Nikawasha, skrini nyeusi, taa ya Caps Lock inawaka inazima inawaka inazima. Niliogopa mpaka mikono ikawa baridi. Nikatoa ile mpya ikawaka kama kawaida. Hapo nikataka kuirudisha dukani ila nikasoma tena maneno ya fundi, isipolia haijaingia, na kweli upande mmoja haukulia.

FundiWaSahare

Vizuri dada, umefanya la maana kujaribu moja moja. Na RAM za yuzdi huku pwani chumvi ya bahari inakula meno, yanakuwa na ukungu. Chukua raba nyeupe ya penseli, sugua meno taratibu pande zote, futa vumbi la raba lote kwa kitambaa kikavu, rudisha, sikiliza tak mbili.

Steshenari_Makorora

Imekubali! Raba ilitoka nyeusi. Nimewasha ikachelewa kidogo mara ya kwanza halafu ikawaka. Ila sasa naona jambo siliolewi, nikienda kwenye sifa za mashine inasema RAM 8GB halafu mbele yake inasema inayotumika ni 3 na ushee. Nimeuziwa mbovu?

MwlPongwe

Hapana dada, hapo angalia mstari wa chini yake, umeandikwa 64 au 32?

Steshenari_Makorora

32.

FundiWaSahare

Ahaa. Aliyekuwekea Windows mwanzo alikuwekea ya biti 32. Hiyo kwa Windows hizi za kawaida haivuki 4GB hata uijaze RAM mpaka juu, na ndo maana hata yule aliyekwambia ongeza RAM tu ungempa hela bure. Na huwezi kuipandisha kutoka 32 kwenda 64 ikiwa imekaa, lazima upige upya. Kwa hiyo kama ungekloni ungehama na tatizo. Tafuta flashi ya 8GB isiyo na kitu, tengeneza Windows 10 ya biti 64 kutoka kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe sio ya kuazima mtaani, toa diski ya zamani weka SSD, washa na flashi. Nikwambie ukweli lakini, Windows 10 waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel, yako ni ya nne. Kwa hiyo flashi za wateja zipitishe kwenye antivairasi kila moja bila kuoneana haya, na mambo ya benki fanyia kwenye simu. Ukipata nafasi jaribu Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, kwenye flashi bila kuiweka, uone kama printa yako inaikubali.

Baharia_Raskazone

Nimejifunza. Nimeenda kuangalia ya kwangu nayo diski imeandika njano. Kesho nanakili picha za watoto kabla ya kitu kingine chochote.

Steshenari_Makorora

Wakuu, sasa ni Jumatano. Windows ya 64 imekaa, leseni imejitambua yenyewe nilipowasha data ya simu. RAM 8GB yote inaonekana. Nimeihesabu kwa saa ya simu, kutoka kubonyeza mpaka naandika Word ni sekunde 24. Leo nimefungua kadi ya harusi, mtihani na brauza vyote pamoja na printa inatoa kopi, Memory 61, Disk inacheza kwenye 2 na 3. Yule mwalimu wa bayolojia nimempigia mwenyewe nimemwambia aje na mtihani wa muhula, kasema anakuja kesho saa nne.

Fundi, diski ya zamani nimeiweka kwenye kasha la USB, inasoma. Naitumia kwa bakapu au niiache?

FundiWaSahare

Hongera sana dada, umenifurahisha kweli. Hiyo yenye njano usiiamini kwa bakapu. Iweke kabatini kama ilivyo, usiifute, miezi miwili mitatu ukigundua kuna faili ulisahau utaikuta humo. Bakapu ya kila Ijumaa weka kwenye diski nzima, na kaa nayo nyumbani, sio hapo dukani.