Tovuti ya safari ikijazwa na watu, mwenye mali ni nani?

MWENYE MADA: Wadau, naleta hii hapa maana kule kwa kikundi imekuwa vita. Kuna watu wanataka kujenga tovuti ya safari ya wananchi wa kawaida, si ya mtalii wa Land Cruiser, ni ya mtu wa Kayole anataka kupeleka watoto Naivasha Jumamosi kwa matatu na Jumatatu bado awe na nauli ya kwenda job. Watu wenyewe wanaandika: gari zinapandiwa wapi, nauli ni ngapi asubuhi na mvua ikinyesha ni ngapi, gesti gani iko na maji. Upande mmoja unasema tuchukue pesa ya mahoteli saa hii tulipe kila anayeandika tukue haraka. Wengine wanasema pesa isiguswe kabisa. Mimi naona wote wameruka swali la kwanza, kwamba hiyo kazi ya watu ikishapanda bei ni ya nani?

Angalieni Wikitravel, tovuti ya maelezo ya safari. Ilianza 2003, wasafiri wakaijaza bure, 2006 ikanunuliwa na kampuni ya Marekani, Internet Brands. Matangazo nayo yakaleta manung'uniko. Wahariri wa Kijerumani walitoka mapema wakaanzisha Wikivoyage, na 2013 Wikimedia, hao wa Wikipedia, wakaichukua rasmi na wahariri wengi wakahamia huko. Na walihama na maandishi yao, kwa sababu leseni ilikuwa huria toka siku ya kwanza, yaani yeyote aliruhusiwa kunakili na kutumia tena, kampuni ikabaki na jina. Sasa linganisha na Couchsurfing, ile ya kulala kwa watu bure: 2011 ikageuzwa kampuni ya faida, na Mei 2020 katikati ya korona watu wakafungua wakakuta mlango unataka pesa kwanza. Miaka yote ya kukaribishana na kuandikiana maoni, na hakuna mahali pa kuihamishia.

WA RONGAI: Mkubwa leseni haileti watu. Seva, ile kompyuta inabeba tovuti, inalipwa na nani? Hao wa Wikitravel wengi walikuwa na mshahara na wifi ya nyumbani, huku kijana anahesabu bando. Mpe hata hamsini kwa kila posti uone kama tovuti haitajaa kwa mwezi.

MWENYE MADA: Itajaa, hapo sibishi, lakini itajaa takataka! Ukilipa kwa posti utapata maelezo ya Ngong Hills ishirini kutoka kwa mtu mmoja hajawahi kutoka Buruburu, amenakili hapa na pale au ameandikiwa na roboti. Kama kuna pesa, lipa uhakiki. Mtu aende steji ya Nyamakima au Tea Room Ijumaa ya mwisho wa mwezi, aulize makanga bei, aandike na tarehe. Hiyo ndiyo kazi hakuna mtu anaipenda na ndiyo inafanya mtu arudi.

Na kuhusu kuleta watu, mfano tunao hapa hapa mjini. Digital Matatus: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu na simu mkononi wakirekodi njia na vituo, wakishirikiana na watu wa MIT na Columbia, vyuo vya Marekani, ramani ikatoka 2014 na data ikaachwa wazi kwa yeyote. Mwaka uliofuata njia za matatu za Nairobi zikaingia Google Maps. Wangeifungia data ndani ya ukurasa wao tu, nani angeiona?

MAMA WA EMBAKASI: Mimi leseni siijui na sitaki kuijua, nataka habari ya sasa. Krismasi nilikuwa natafuta bei ya treni ya SGR ya Mombasa, kurasa zingine bado zimeandika elfu moja na ekonomi ilipanda ikawa 1,500 tangu Januari 2024. Na hakuna aliyeniambia treni inatoka Syokimau si pale Railways mjini, na kwamba ukifika unapanga mizigo chini mbwa wainuse ndio uingie, kwa hivyo usifike dakika za mwisho ukiwa na watoto watatu. Mtu akiniandikia hivyo kwa Kiswahili cha kawaida nitamtafuta kila likizo.

MWENYE MADA: Mama umemaliza, maana picha za machweo ya Diani zimejaa kila mahali. Anzeni na njia chache ambazo watu wa Nairobi wanazitumia kweli, kila ukurasa uonyeshe lini umehakikiwa mara ya mwisho, halafu muone kama hawatatumiana wenyewe.

WA DIANI: Mnasahau sisi wenye biashara. Mimi niko na vyumba sita tu, siwezi shindana na hoteli kubwa kwa matangazo. Nikiwalipa kitu kidogo mnitaje, kosa liko wapi? Wote wanafanya.

DADA WA UMOJA: Kosa ni hili kaka. Mwaka jana nililala gesti fulani, siitaji, kitasa cha mlango kilikuwa kimelegea mpaka nikasukuma kitanda nyuma ya mlango. Nikiandika hiyo, na mwenye gesti ndiye analipia seva yenu, maoni yangu yatabaki juu au yatafutwa usiku? Wanawake tunaosafiri peke yetu tunasoma hayo maoni kabla ya kuangalia bei.

WA RONGAI: Hapo dada ako na point.

MWENYE MADA: Kaka wa Diani, tangazo lako mimi silikatai, likae kando na liandikwe wazi kuwa ni tangazo. Ila anayelipa asiwe na uwezo wa kugusa maoni, hata maoni ya uongo yapitie kwa wahariri waliochaguliwa na waandishi, na sababu ya kuyatoa iandikwe hadharani. Hilo na leseni viwekwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, kwa sababu ikishaingia hamtakubaliana tena. Wa Rongai, wewe wa kulipa kwa posti, bado unasimama hapo ama uhakiki unakutosha? Na kuna mwanasheria humu anaweza kutuandikia hicho kipengele cha maoni kwa lugha ya watu?