Naomba ushauri: pairuveti ya kaboni-13 inafeli pH dakika ya mwisho

Wakuu, kwa waliokwisha kuvusha MRI ya kaboni-13 iliyopolarishwa (ishara yake huongezwa mno kwenye baridi kali kabla ya kudungwa) kutoka maabara hadi kwa binadamu. Dozi yetu ni pairuveti, inayoanza kama asidi. Mashine ni ya tesla 5, sampuli inakaa karibu kelvini 0.8, upolarishaji hauna shida. Kasheshe inaanza baada ya kuyeyusha: pH mara iko sawa, mara inashuka chini ya 5, na bafa (kimiminika cha kutuliza asidi) ya NaOH na Tris imepimwa ileile.

Ingekuwa inapanda, ningesema asidi imebaki kwenye kikombe cha sampuli. Ikishuka, nashuku bafa haijachanganyika vizuri kwenye chombo cha kupokelea. Kuihamishia bafa kabla ya chujio la kwanza haiwezekani, maana radikali ya tritili (kemikali ya kusaidia upolarishaji, ambayo chujio hilo huiondoa) inanaswa vizuri maji yakiwa bado na asidi.

Kutikisa zaidi kunakula muda. T1 (kipimo cha kasi ya ishara kufifia) ni kama sekunde 60, hivyo sekunde 30 tu zinaondoa takriban asilimia 40 ya ishara, na chujio la kuondoa vijidudu bado linasubiri kupimwa.

Je, mnachanganya vipi? Na pH mnasoma kwenye sampuli ya pembeni au kwenye dozi yenyewe?