Laptop inasoma asilimia 38 halafu inazima, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina laptop ya mtumba niliyonunua hapa Moshi miezi saba iliyopita, inatumia Windows 10. Shida ni chaji. Naichomoa ikiwa imejaa, inashuka taratibu mpaka 38 hivi, kisha inazima ghafla bila hata onyo. Nikiichomeka na kuiwasha, inasoma 5. Juzi umeme ulikatika huku Majengo nikiwa naandika barua ya kuomba kazi, ikapotea yote.

Nimeiacha iishe kabisa na kuijaza tena mara mbili, hakuna mabadiliko. Kisha nikaandika powercfg /batteryreport kwenye ile skrini nyeusi ya amri, ikanipa ripoti: uwezo wa betri kutoka kiwandani 41,440 mWh, sasa ikijaa inashika 17,900 tu. Fundi mmoja anasema ni "programu tu", anataka elfu thelathini apige Windows upya. Mimi sijashawishika.

Kwa namba hizo, betri ndiyo imechoka au kipimo cha chaji kinanidanganya? Na nikiamua kununua nyingine, nitajuaje palepale dukani kwamba ni mpya kweli, kabla sijatoa hela?