Daktari kaniambia nimwone mtaalamu wa tiba ya ngono. Huko hufanywa nini?

BintiLangoni

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Naandika kwa jina la kupanga, mtaniwia radhi.

Niko Lamu mjini, upande wa Langoni. Niliolewa mwaka jana, Mfunguo Mosi, na mume nampenda naye anipenda. Shida ni kwamba mpaka leo hatujaweza kuingiliana. Tukijaribu tu, mwili wajifunga wenyewe, maumivu makali, miguu yatetemeka. Yeye huacha, akageukia ukutani. Hajanikemea hata siku moja, lakini siku hizi apenda kulala kwenye boti kuliko nyumbani. Mama mkwe keshaanza kuniuliza mjukuu yuko wapi.

Shangazi yangu alinipa shabu ya kujioshea, ati nijisafishe. Ikazidi. Nikaenda hospitali, daktari wa kike akanipima polepole, akasema hakuna maradhi wala kovu, ni misuli yajikaza. Akanambia nitafute mwanasaikolojia anayeshughulikia mambo ya ngono. Nilimpata mmoja kwa simu, simtaji. Hata hatujazungumza sana ashaniambia nitazame filamu chafu pamoja na mume wangu, tujifunze. Nikakata simu.

Basi nauliza wenye ujuzi. Huko hufanywa nini hasa? Navuliwa nguo? Lazima mume aje? Na mtu asiye wa dini yangu atanielewa kweli? Twakaa na wakwe, na chumba chetu kina pazia tu, hakina mlango.

---

KakaMambrui

Pole dada. Hao washauri watakumalizia pesa bure. Tafuta mtu akusomee ruqya, kisomo cha Qurani cha kuponya, na bwana umpikie supu ya pweza kila Alhamisi. Huku kwetu hilo halina mjadala.

---

MshauriBarani

Dada, mimi ndio kazi yangu hiyo uliyoambiwa ukaitafute. Niko Malindi. Ni mwanamke, Mgiriama, Mkristo, na watoto wangu ni watu wazima. Nayasema mapema ujue unazungumza na nani, kwa sababu swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, nami nitalijia.

Kaka wa Mambrui, pweza ni kitoweo kizuri na mimi namla. Lakini mume wa huyu dada hana upungufu wowote. Supu itamwongezea mashaka tu. Ruqya sina ugomvi nayo, asomewe akitaka, wala haizuii matibabu.

Kuvuliwa nguo: hapana. Kuguswa: hapana. Anayepima mwili ni daktari au muuguzi, na kwa daktari umeshapita. Sisi tunakaa kwenye viti, tunazungumza kama dakika 50, kisha mnapewa zoezi mkalifanye nyumbani kwenu, nyinyi wawili, bila mtu wa tatu. Mtaalamu akikutaka uvue au akajitolea kukuonyesha, toka na ukamshtaki. Kenya tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na anayefanya kazi hii anatakiwa awe amesajiliwa. Omba kuona usajili wake kabla hujamfungulia moyo. Akichukia ukimwuliza, umeshapata jibu.

Ulichoelezwa na daktari kinajulikana sana, hata kina jina, vajinismasi. Misuli ya sakafu ya nyonga inajikaza bila wewe kuiamrisha. Wewe hukatai na wala hujifanyi. Jicho likijiwa na kidole hufumba lenyewe, na hiyo misuli ni hivyo hivyo. Kila jaribio lenye maumivu linaufundisha mwili kuogopa jaribio lijalo, ndiyo maana ushauri wa kuvumilia mpaka izoee huharibu. Kwa hiyo kwa wenzi kama nyinyi jambo la kwanza ninalolifanya ni kupiga marufuku kuingiliana. Ndiyo, marufuku, na nawaambia wote wawili wakisikia. Utashangaa wanaume wangapi hushusha pumzi wakisikia hivyo.

Marufuku hiyo sikuibuni mimi. William Masters na Virginia Johnson, kule St. Louis, Marekani, walieleza utaratibu huo mwaka 1970. Wenzi wanapeana zamu ya kugusana: mgongo, mikono, nywele, nyayo. Matiti na sehemu za siri haziguswi kwanza. Anayegusa hatafuti kumfurahisha mwenzake, anasikiliza tu vidole vyake vinahisi nini, joto, ulaini. Hakuna mtihani, basi hakuna kufeli. Wiki zikienda, eneo linapanuka, na kuingiliana ndiko kwa mwisho kabisa. Kwao wateja walihama nyumbani kwa wiki mbili, wakionana kila siku na wataalamu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Nani Malindi ataacha duka wiki mbili? Mimi huonana na watu mara moja kwa wiki, na wa visiwani tunaongea kwa simu.

Wewe mwenyewe, pembeni, utakuwa na zoezi lako: kupumua kwa tumbo, kukaza ile misuli kwa makusudi kisha kuiachia, mpaka ujue kuiachia kunafananaje. Baadaye kidole chako mwenyewe, au vile vijiti laini vya silikoni vya kupanulia, mdogo kwanza, kwa kilainishi cha maji. Ukijisikia kukaza, unasimama hapo hapo na kusubiri, husukumi. Kwa tatizo lako hasa, njia hii huwasaidia wengi wanaoifuata bila haraka. Na shabu iache leo. Inakausha na kuchubua ngozi ya ndani, na mahali pakavu panauma.

Sasa dini. Yule wa filamu sitamtetea. Kabla sijampa mtu zoezi lolote huuliza mambo matatu: kwenu nini ni halali, nini ni haramu, na nini si haramu lakini mnakionea aibu? Watu huyachanganya hayo matatu, hata wenye nayo. Kuna bwana alishikilia kwamba dini inamkataza kumwona mkewe bila nguo. Sikubishana naye, mimi ni nani? Nilimwomba akamwulize shekhe wake. Alirudi na jibu jingine, na siku hiyo tukaanza kazi. Habari za josho la baada ya tendo pia sizijibu, muulizeni ustadhi mnayemwamini. Langu ni kuhakikisha zoezi linakaa ndani ya mipaka yenu, na mipaka mnaichora nyinyi.

Kila anayeingia mlangoni kwangu ana mipaka yake. (Habari nazibadilisha ili mtu asijulikane.) Kuna mume na mke kutoka Mpeketoni, wameokoka, hata kutaja sehemu za mwili kwa majina hawawezi, tunatumia karatasi na kalamu. Kuna mama anayeishi na VVU aliyejinyima mume miaka kwa hofu ya kumwambukiza. Huyo alihitaji habari tu: ukimeza ARV vizuri mpaka kirusi hakionekani tena kwenye kipimo, na ukaendelea hivyo, humwambukizi mwenzako kwa ngono. Alilia, akaenda zake, hakurudi, na sikumtarajia arudi. Kuna kijana aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki, kila mtu akimzungumzia kama aliyekwisha kufa kiunoni. Kumbe uume unaweza kusimama kwa mguso hata pale hisia zimepotea, na shingo au masikio yakawa na hisia kuliko zamani. Hilo hakuna aliyemwambia wodini.

Na wapo wanaovutiwa na wa jinsia yao. Najua hapa nitarushiwa mawe. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono ya namna hiyo, nakijua na wao wanakijua. Wengine wameletwa na wazazi niwabadilishe. Hiyo si tiba, na Shirika la Afya Duniani liliondoa mvuto huo kwenye orodha ya magonjwa tangu 1990. Ninachoweza kutibu ni usingizi uliopotea, hofu, na mawazo ya kujiua. Wanakaa kiti kile kile utakachokaa wewe na siri yao inalindwa kama yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya na za ndoa kuwa nyeti, lakini hata isingekuwepo, mji huu ni mdogo, nikisema neno moja sokoni sina kazi tena.

Jack Annon, mwanasaikolojia wa Hawaii, aliipanga kazi hii kwa ngazi nne mwaka 1976: kumpa mtu ruhusa ya kusema, kumpa maelezo machache, kumpa mapendekezo yanayomhusu yeye, na mwisho tiba ya kina kwa wachache wanaoihitaji. Yule mama wa ARV aliishia ya pili. Wewe naona utafika ya tatu. Kama kuna jambo lilikupata utotoni, sikuulizi hapa mbele za watu, hapo tutakwenda ya nne, na polepole zaidi.

Halafu hilo pazia. John Bancroft na Erick Janssen wa Taasisi ya Kinsey, ya utafiti wa mambo ya ngono huko Marekani, walieleza kwamba hamu ina pande mbili ndani ya ubongo, upande unaochochea na upande unaozuia, na mara nyingi kinachomshinda mtu si uchache wa kichocheo, ni wingi wa vizuizi. Mama mkwe akikohoa hatua nne kutoka kitandani, hicho ni kizuizi chenye miguu! Dawa yangu ya kwanza kwenu ni fundi seremala. Mlango na komeo. Mkiona vigumu kumwambia mama, semeni mnazuia paka, Lamu paka ni wengi, hakuna atakayeuliza.

---

SomoMkomani

Mwanangu BintiLangoni, usikate tamaa. Mimi nimekuwa somo, mfunzaji, wa maharusi wengi Mkomani na Shela, na mama yangu kabla yangu. Mambo kama haya watu hutusingizia sisi. Shabu umepewa na shangazi yako, si somo.

Lakini nitasema kweli. Sisi tulifunzwa kumwambia bibi arusi maumivu ya usiku wa kwanza ni kawaida, ajikaze. Wale ambao hayakuisha hatukuwa na la kuwaambia, tulisema ni jini au ni ukaidi, na wengine waliachwa kwa jambo hilo. Haya ya kupumua na kuachia nimeyasoma mara mbili, nitayatia kwenye mafunzo yangu.

Pamoja na hayo, wewe mshauri wa Barani, sikubaliani nawe jambo moja. Mwanamke wa Kiislamu ana haki ya kutafutiwa mwanamke wa Kiislamu. Kuuliza ni vizuri, ila kuna mengine hata huwezi kujua kwamba yanafaa kuulizwa. Na wale watakaosema kwamba amevunja siri ya ndoa: kutangaza ya chumbani ndiko kulikokatazwa. Kumweleza tabibu si kutangaza.

---

MshauriBarani

Bi Somo, shikamoo. Hapo umenishinda. Akitaka Mwislamu nitamtafutia na nitampeleka mwenyewe. Na ningependa siku moja nije Mkomani unifunze, kwa sababu maharusi wanakuja kwako kabla ya shida, kwangu wanakuja baada.

---

MzeeNgomeni

Mimi si wa shida hiyo, ila niongeze kwa ajili ya wanaume wanaosoma kimya kimya. Nina kisukari, na nguvu zilipungua. Nikawa nanunua vidonge dukani, vile vya kuongeza nguvu, huku nameza dawa ya maumivu ya kifua. Nilipokwenda kwa mshauri (si huyu, mwingine), kitu cha kwanza alichoniomba ni mfuko wangu wa dawa. Aliushika ule ukanda wa vidonge akasema hatutaongea neno mpaka nipite hospitali. Kumbe sildenafili, dawa iliyomo kwenye vidonge vile, ikikutana na dawa ya moyo ya aina ya naitreti, presha inaanguka ghafla, unaweza usiamke. Daktari akanieleza pia kwamba mishipa ya kule chini ni myembamba, ndiyo maana huonyesha ugonjwa kabla ya moyo. Sukari ikarekebishwa, dawa zikabadilishwa, halafu ndipo mke wangu akaitwa. Tulikuwa na maneno ya miaka mingi hatujaambiana. Hayo ndiyo yaliyochukua muda, wala si mwili.

---

BintiLangoni

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Bi Somo, machozi yamenitoka. Mume wangu nimemsomea jana usiku tukiwa juu darini. Asema marufuku hiyo aitaka hata kesho, ila yeye hawezi kumweleza mwanamke mgeni mambo yake. Mimi sina neno na mshauri Mkristo, bora awe mwanamke. Kufika Malindi si rahisi, boti mpaka Mokowe, basi, na vizuizi vyote vile vya njiani. Yaweza kuwa kwa simu? Na mafuta ya nazi yafaa, maana ndiyo tulio nayo?

---

MshauriBarani

Kwa simu inafaa. Mara ya kwanza bwana asiseme kitu, akae karibu nawe asikilize kwa spika, mkiwa huko huko darini. Akichoka anyanyuke, sitamwita. Wanaume wengi huanza hivyo, na baadaye huwa ndio wanaozungumza mpaka mke hapati nafasi. Akiona bado haimkai, nitamtafutia mshauri wa kiume aongee naye peke yake.

Mafuta ya nazi kwa zoezi lako si mabaya kama ngozi yako inayapatana, ila msiyatumie pamoja na kondomu za mpira, mafuta yoyote huzidhoofisha zikapasuka. Ukipata kile kilainishi cha maji kwenye duka la dawa ni bora zaidi.

Nitumie ujumbe wa faragha humu ndani, usiandike namba yako hadharani. Uniambie siku ambazo bwana hayuko baharini, na upige picha ile karatasi ya daktari, sehemu yenye jina lako uifunike.