Mparachichi wangu unapukutisha majani, naombeni ushauri

Hamjambo wenzangu. Niko Bahati, Nakuru. Nina mparachichi wa Hass, mwaka wa 4 sasa, unapukutisha majani, na si yale makuukuu tu.

Najua mti hauangushi majani ovyo. Hujenga tabaka jembamba la seli pale kikonyo kinaposhikana na tawi, njia ya maji inazibwa, kisha upepo unamaliza kazi. Mjakaranda wa jirani hufanya hivyo kila kiangazi kupunguza upotevu wa maji, na hakuna anayekosa usingizi. Mparachichi nao huacha majani ya zamani ukichanua. Wangu hauna hata ua moja.

Majani yanageuka manjano na kunyauka ilhali udongo umelowa. Jana nimefukua kidogo: mizizi midogo ni myeusi, ukiigusa inakatika kama uzi uliooza. Nashuku maji, maana bomba la tangi lilivuja hapo wiki 3 (wa kulirekebisha nilikuwa mimi, basi msinichape).

Agroveti wameniuzia mbolea, sijaiweka. Nichimbe mtaro kwanza? Au niung'oe kabla haujaambukiza ile mingine 6?