Rangi iliyokula nywele: wenye ujuzi tupeane uzoefu

kitana_kipana
Sikukuu zikipita tu, saluni zinajaa vichwa vya rangi ya maboga, na nywele zikilowa zinavutika kama bigijii. Wanaopaka blichi juu ya nywele zenye dawa ya kunyoosha, mwageni ujuzi.

mkono_mwepesi
Dawa na blichi siku moja, hapana. Dawa inavunja viunganisho vya salfa ndani ya unywele, blichi inakuja kumalizia vilivyobaki. Retachi (dawa kwenye mizizi iliyoota) kwanza, wiki mbili zipite, ndipo rangi. Oksidanti (peroksidi ya kuchanganyia blichi) ya 20, yaani asilimia 6, inatosha: unga wa blichi kipimo 1, oksidanti vipimo 2. Ile ya 40 ni asilimia 12, waachieni wenye haraka zao. Mzizi pakeni mwisho. Acha sentimita 1 hivi kutoka kwenye ngozi, kwani joto la kichwa linaharakisha blichi. Ukianzia mzizini, mzizi unakuwa njano huku ncha bado kahawia.

mama_kanta
Naunga mkono. Na draya ikae mbali.

hina_na_mkasi
Mnahangaika na dawa, mmesahau hina za pakiti! Hina halisi ni majani tu, ubishi wake ni kugoma kutoka. Balaa ni zile zilizochanganywa na chumvi za metali. Mteja hasemi kama alipaka. Unapaka blichi, unakunja foili, kidogo foili inakuwa ya moto, mchanganyiko unachemka, mvuke unatoka. Ukifungua, unywele unabaki mkononi. Hapo ni maji baridi mengi, hakuna kujadiliana. Kuzipima nywele kama zina hizo chumvi: kata nywele kama 20 kisogoni, zitie kwenye bakuli la glasi lenye mililita 30 za oksidanti ya 20 na matone 20 ya amonia. Nusu saa. Zikipata joto, zikibadilika rangi ghafla au zikilegea, weka brashi chini.

kitana_kipana
Mungu wangu. Na piko je?

hina_na_mkasi
Piko nyingi ina PPD, kemikali ya rangi nyeusi, hiyo ugomvi wake ni na ngozi. Paka tone nyuma ya sikio, ngoja saa 48. Ikiwasha au kuvimba, achana nayo kabisa.

mama_kanta
Zikishaharibika, yai na mayonesi, dakika 30. Mwisho wa maneno.

mkono_mwepesi
Mama, protini ya yai ni kubwa, haipenyi unywele, inakaa juu tu. Ukisuuza kwa maji ya moto utachana omleti.

mama_kanta
Bibi zetu walipaka na nywele ziligusa mgongo!

mkono_mwepesi
Bibi zetu hawakuijua oksidanti ya 40. Vuta unywele mmoja uliolowa: ukivutika usirudi, weka tritimenti ya keratini (protini ya nywele) iliyovunjwavunjwa. Ukikatika papo hapo bila kuvutika, protini imezidi, rudi kwenye unyevu. Mafuta ya nazi kabla ya kuosha, hayo yanapenya kweli na yanazuia protini isitoke.

shamba_la_mvi
Protini kila wiki, mimi nasema.

hina_na_mkasi
Kila wiki? Zitakuwa fagio. Mwezi mara moja, halafu ncha zilizopasuka kata, hazina gundi.

shamba_la_mvi
Nyoeni tu muokoe hela.

kitana_kipana
😂 Tona (rangi ya kurekebisha) ya zambarau itazima haya maboga?

mkono_mwepesi
Hapana, zambarau inazima njano. Maboga yanataka ya bluu.